Bernina Express ikijaa, safari haijafa

“Bernina Express imejaa, basi tusogeze safari mpaka mwakani.” Kila majira ya joto ya Ulaya yakikaribia, maneno haya huja tena, na aghalabu hutoka kwa mtu ambaye viza anayo, tiketi ya ndege ya Zurich anayo, na hoteli keshalipia. Hakuna cha kusogeza. Bernina Express ni jina la huduma ya treni ya watalii, si jina la reli. Reli yenyewe ni ya Rhätische Bahn, RhB kwa kifupi, na juu ya vyuma vilevile hupita treni za kawaida karibu kila saa kati ya St. Moritz, Uswisi, na Tirano, Italia. Zinapanda mlima uleule, zinapita stesheni ileile ya Ospizio Bernina kwenye mita 2,253, zinazunguka daraja lilelile la Brusio. Hakuna njia nyingine waliyotengewa watalii.

Ukipanda Bernina Express unalipa nauli, halafu unalipa ada ya kiti juu yake, na ada hiyo haikwepeki. Swiss Travel Pass, ile pasi ya watalii ya kusafiria Uswisi, inakufikisha hadi Tirano, lakini ada ya kiti haimo. Kadi ya nusu nauli inapunguza nauli tu, ada ya kiti haiigusi. Unachopata kwa pesa hiyo ni uhakika wa kukaa na behewa lenye vioo vinavyopanda hadi kwenye paa. Vioo hivyo havifunguki, na hapo ndipo picha nyingi zinapoharibika: mwanga wa mlimani unagonga kioo kilichopinda, na juu ya barafu ya Morteratsch unaona shati jeupe la abiria wa pembeni. Ukishakaa humo, vaa nguo nyeusi na uibandike simu kabisa kwenye kioo, bila kuacha upenyo. Itasaidia nusu.

Treni ya kawaida haina ada ya kiti. Mbele huwa na seti ya Allegra, ile nyekundu ya vipande vitatu yenye kiyoyozi, na nyuma yake mara nyingi yanafungwa mabehewa ya zamani yenye madirisha ya kuteremsha kwa mkono. Kaa kwenye hayo ya zamani. Watu huingia mlango wa kwanza wanaouona, wanajikuta ndani ya Allegra, kisha wanalalamika kwamba waliahidiwa dirisha la kufungua. Tembea hadi nyuma. Wakati wa joto baadhi ya treni hufungiwa pia mabehewa ya manjano yasiyo na paa. Humo vaa koti zito, maana hata Julai upepo wa huko juu unakata, na ndani ya mahandaki ni baridi na kelele. Mikono na simu vibaki ndani: kuta za handaki na nguzo za umeme ziko karibu kuliko unavyodhani.

Ukitokea mji wa Chur, Uswisi, panda treni ya kawaida ya St. Moritz, mwendo wa saa 2 hivi. Badilisha treni hukohuko St. Moritz, hata kama programu ya simu inakushauri ubadilishie njiani ili uokoe dakika chache. St. Moritz ndiko treni ya Tirano inakoanzia, ikiwa tupu, na unachagua dirisha ulitakalo. Ukiipandia njiani, pale Pontresina, unaikuta imekwisha kukaliwa. Kutoka St. Moritz hadi Tirano ni saa 2 na nusu hivi. Bernina Express yenyewe huchukua zaidi kidogo ya saa 4 kutoka Chur hadi Tirano, kwa hiyo hata muda unaookoa si wa kukosesha mtu usingizi. Toka mapema. Makundi ya watalii hujaa kuanzia katikati ya asubuhi, na ukiwa na treni ya kwanza au ya pili unaweza kupata behewa karibu zima.

Halafu kuna uhuru wa kushuka, ambao kwangu ndio hoja kubwa kuliko zote. Alp Grüm iko mita 2,091, na mkabala wake ni barafu ya Palü. Bernina Express ikisimama pale, ni dakika chache za kupigana vikumbo kabla ya kuitwa ndani. Kwa treni ya kawaida unashuka, unakunywa kahawa, unatazama Ziwa la Poschiavo lilivyo chini kabisa bondeni, kisha unapanda treni inayofuata. Cavaglia, mita 1,693, kuna mashimo ya mviringo yaliyotobolewa mwambani na maji ya barafu. Ni mwendo mfupi kwa miguu kutoka kituoni. Angalia jambo moja tu: vituo vidogo vingi ni vya kuomba. Ukiwa ndani, bonyeza kitufe kabla treni haijafika. Ukiwa kituoni, bonyeza kilichopo hapo. Usipobonyeza, dreva anapita, na utakaa kwenye baridi ukisubiri nyingine. Hana kosa.

Bernina Express ina watu wake: mwenye mzazi mzee, mwenye masanduku makubwa, asiyetaka kubadilisha treni. Hao wakate tiketi yake, tena mapema. Wengine waache kuililia.

Yapo na maneno mengine ya kusahihisha. “Treni ya kupanda mlima lazima iwe na meno.” Hii inatokana na kuichanganya na Glacier Express, ile ya Zermatt hadi St. Moritz, ambayo hupita Oberalp kwenye mita 2,033 na ina sehemu zenye reli ya meno katikati, inayoumwa na gurudumu lenye meno. Bernina haina meno hata mahali pamoja. Ni magurudumu laini ya chuma juu ya reli laini ya chuma, kwenye mwinuko unaofika 7%, yaani mita 7 juu kwa kila mita 100 za mwendo. Allegra ina ekseli 12, kati yake 8 zina mota, na inakokota tani 140 nyuma yake kwenye mwinuko huo. Reli ikilowa au kuganda, mchanga unamwagwa mbele ya magurudumu ili yashike.

Kushuka ndiko kunakotaka akili. Kutoka Ospizio hadi Tirano, ambako ni mita 429, treni inashuka mita 1,824 ndani ya kilomita zisizofika 40. Kazi kubwa ya kuizuia hufanywa na mota zenyewe, zikigeuzwa kuwa jenereta, ili breki za kubana magurudumu zisichemke njia nzima. Juu ya hayo zipo breki za sumaku zinazong’ang’ania reli yenyewe. Daraja la mzunguko la Brusio nalo, lile la matao 9, lenye nusu kipenyo cha mita 70, halikujengwa kwa ajili ya wapiga picha. Bonde pale linashuka kwa ukali kuliko reli inavyoruhusiwa, basi wahandisi waliirefusha njia kwa kuizungusha, ikapita chini ya daraja lake yenyewe, na mteremko ukabaki ndani ya 7%.

“Zamani ilikuwa ya moshi.” Sehemu ya Albula, ile ya upande wa Chur kabla ya kufika St. Moritz, ndiyo, hadi 1919. Bernina ilikamilika mwaka 1910 na ilikuwa ya umeme tangu mwanzo. Mashine maarufu ya mvuke ya njia hii ni ya kufyeka theluji.

“Ni kitreni cha watoto, reli yake nyembamba.” Upana wake ni milimita 1,000, sawasawa na MGR, reli kongwe ya Tanzania, na reli ya zamani ya Mombasa hadi Kampala. Mtu wa Afrika Mashariki awe wa mwisho kuidharau. Wahandisi waliichagua kwa sababu inakubali kona kali. Bernina ina kona zenye nusu kipenyo cha mita 45. UNESCO iliiweka njia ya Albula na Bernina kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008.

“Kaa kulia, basi.” Nusu ya ukweli. Ukielekea kusini, kulia utapata daraja la Landwasser, lenye kimo cha mita 65, barafu ya Morteratsch na maji ya Lago Bianco. Kwa Landwasser kaa mabehewa ya nyuma, uone kichwa cha treni kikipinda mbele yako na kuzama moja kwa moja kwenye handaki la mwambani. Ila baada ya Alp Grüm njia inajikunja mara kadhaa na mandhari yanahama upande, na Ziwa la Poschiavo liko kushoto. Ukirudi, geuza yote. Sababu nyingine ya kupenda treni isiyo na namba za viti.

“Majira ya baridi inafungwa.” Haifungwi. Husimamishwa siku za hatari ya maporomoko ya theluji, kisha inaendelea. Tazama hali ya njia asubuhi ya safari.

“Nitaugua kwa kimo.” Timboroa, kwenye reli ya Nakuru hadi Eldoret, iko juu ya mita 2,700. Ospizio haifiki hapo.

“Viza yangu ya kuingia mara moja itakwisha nikivuka kwenda Italia.” Uswisi na Italia zote zimo Schengen, na kuvuka mpaka wa ndani hakuhesabiwi kuwa umetoka. Unaweza kula chakula cha mchana Tirano na kurudi St. Moritz kwa viza hiyohiyo. Pasipoti lazima uwe nayo, maana ukaguzi wa ghafla upo, na forodha pia: Uswisi haimo kwenye umoja wa forodha wa Ulaya. Mtanzania au Mkenya anayeishi Uingereza asitegemee kibali chake cha ukaazi cha huko; hakimwingizi Uswisi wala Italia. Na kama unaendelea Milano, Tirano kuna stesheni mbili zinazopakana, ya RhB na ya Italia. Swiss Travel Pass inaishia ya kwanza; ya pili unakata tiketi nyingine.