Muziki wa Ethiopia: anza na Tizita

Wanakwaya ninaowafundisha, wakisikia muziki wa Ethiopia kwa mara ya kwanza, wengi husema mwimbaji ametoka kwenye ufunguo. Hajatoka. Masikio yetu yamelelewa na nyimbo za kanisani na dansi, basi yanangojea nota ambazo yeye hana haja nazo.

Muziki wa nyanda za juu za Ethiopia umesimama juu ya mifumo mikuu minne ya nota tano tano: Tizita, Bati, Ambassel na Anchihoye. Kama unajua solfa, kaa kwenye kinanda upige do, re, mi, so, la. Hiyo ni Tizita, na hapo hakuna kigeni. Sasa zishushe mi na la nusu toni. Hii nayo ni Tizita, ile ya huzuni, na ndiyo inayowafanya watu waniulize kama ni muziki wa Japani. Hawajakosea sana, maana Wajapani nao wana skeli yenye nota hizo hizo. Anchihoye iache kwanza: haina so kamili juu ya do, na sikio changa hukosa pa kuegemea.

Ushauri wangu ni huu: usikimbilie orodha ya majina makubwa. Shika Tizita peke yake. Mbali na kuwa mfumo wa nota, ni wimbo pia, wimbo wa kumkumbuka mpenzi na siku zilizopita, na waimbaji wakubwa kwa wadogo wameuimba, kila mmoja kwa namna yake. Msikilize Mahmoud Ahmed, kisha Bezawork Asfaw, kisha Aster Aweke. Angalia silabi moja inavyovutwa, ikatetemeshwa, ikazungushwa nota tatu nne kabla ya kutua. Ukikaa kungoja kiitikio utachoka bure. Utamu wote umo kwenye mapambo hayo. Nyuma ya sauti utasikia krar, kinubi kidogo chenye nyuzi sita, au masenqo ya uzi mmoja, inayopigwa kwa upinde kama zeze la Wagogo.

Nyimbo za kuchezwa aghalabu huenda sita kwa nane, yaani mapigo sita ya haraka katika kila kipimo. Huo mwendo tunao kwenye ngoma zetu, mwili utauelewa kabla ya kichwa.

Ukishazoea, ndipo umwendee Mulatu Astatke, aliyesoma muziki Uingereza na Marekani akaja kuvika nota hizo tano kodi za jazi, yaani nota kadhaa zinazolia kwa pamoja. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika: kodi nzito huimeza Tizita mara moja. Ndiyo maana vaibrafoni yake, ala ya vibao vya chuma vinavyogongwa, inaacha nafasi nyingi vile.

Rekodi nyingi za miaka ya mwisho ya mfalme wa Ethiopia tunazo kwa sababu ya Amha Eshete, aliyeanzisha lebo yake ya kurekodi muziki Addis Ababa mwaka 1969 ingawa serikali ilikuwa imetoa haki ya kutengeneza sahani za santuri kwa taasisi moja tu. Baada ya mfalme kupinduliwa mwaka 1974, amri ya kutotoka nje usiku iliua kumbi za muziki. Kuanzia 1997 Mfaransa Francis Falceto amezikusanya rekodi hizo katika mfululizo uitwao Éthiopiques. Toleo la 10 limepewa jina la Tizita, anzia hapo. Kisha nenda la 14, umsikie Getatchew Mekurya akiupiga kwa saksafoni ule mtindo wa majigambo ya wapiganaji uitwao shellela.