Umetoka kwenye usaili wa uraia? Bado hujawa raia

Mama mmoja mzaliwa wa Bukavu, Kongo, muuza vitenge soko la Owino, aliingia ofisini kwetu Kampala akiwa bado amekumbatia bahasha ya kaki aliyotoka nayo kwenye usaili. Uso ulimng'aa. "Wameniuliza mengi na yote nimeyajibu, mwanangu. Sasa mimi ni Mganda." Nilimwomba akae kwanza, maana kibali chake cha kuishi kilikuwa kimebakiza siku 9.

Katika kazi yetu ya msaada wa sheria, hili ndilo linalotuuma zaidi. Ofisa anayekuhoji halinganishi ila maneno yako na makaratasi yako. Anayeamua ni Bodi ya Taifa ya Uraia na Uhamiaji, iliyoundwa kwa ibara ya 16 ya Katiba ya Uganda ya 1995. Mpaka Bodi ikubali, ule kiapo cha utii na ukabidhiwe cheti, wewe ungali mgeni, na kibali kikiisha unahesabika unaishi nchini bila ruhusa. Kihuishe hata kama umeambiwa jibu liko njiani.

Simu isizimwe. Ukihama mtaa au ukibadili namba, wajulishe, kwa sababu faili linaweza kusimama kwa karatasi moja tu. Katika bahasha ya mama yule, cheti cha ndoa kilisema amezaliwa 1984, pasi ikasema 1986. Kosa la mwandishi wa cheti, lakini anayelisoma faili atajuaje? Tulimwandalia hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, akaipeleka kabla ya kuitwa.

Ada za serikali hulipwa kwa namba ya malipo ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda; tunza stakabadhi. Atakayekuambia umpe kitu kidogo akusukumie faili anakutia kitanzi. Ibara ya 14 inaruhusu kumvua mtu uraia wa kusajiliwa alioupata kwa ulaghai au rushwa, hata miaka mingi baadaye.

Jambo ambalo wengi hulifikiria wakiwa wamechelewa ni uraia wa kule walikotoka. Uganda iliruhusu uraia pacha kwa marekebisho ya Katiba ya 2005, lakini ruhusa ya Uganda haiifungi nchi nyingine. Mkenya anaweza kubaki navyo vyote viwili, tangu Katiba yao ya 2010. Mtanzania mtu mzima hawezi. Kwa Mkongomani, Katiba ya kwao inasema uraia ni mmoja na haushikwi pamoja na mwingine. Nilipomweleza mama, alinyamaza kwa muda. Ana shamba la marehemu baba yake huko. Nikamwambia azungumze na ndugu zake na apate ushauri wa mwanasheria wa kwao kabla ya siku ya kiapo.

Akaniuliza pia, kwa sauti ya chini, kama mumewe akimwacha uraia utaondoka naye. Hapana. Ukishasajiliwa kwa njia ya ndoa, ibara ya 12 ya Katiba ya Uganda inakulinda hata ndoa ikivunjwa, isipokuwa uukane mwenyewe.

Ukikataliwa, omba barua na uangalie tarehe yake. Ibara ya 42 inakupa haki ya kutendewa kwa haki na kwenda mahakamani, lakini maombi ya mapitio hupelekwa Mahakama Kuu ndani ya miezi 3. Tumewapokea watu mwezi wa tano baada ya kukataliwa, barua imekunjwa ndani ya Biblia au Msahafu, na tumeumia pamoja nao.

Ukikubaliwa, cheti hakikuletei kitambulisho cha taifa. Hicho unakifuata NIRA, mamlaka ya utambulisho na usajili, na bila namba yake pasipoti haitoki. Nenda na cheti halisi, uache nakala nyumbani.

Mama yule alihuisha kibali kesho yake asubuhi. Jibu la Bodi bado analisubiri, na kila Ijumaa hupita ofisini kutusalimu.