Chupa iliyobaki kabatini: maswali ya wazazi kuhusu antibayotiki

Mimi ni nesi, niko zahanati moja hapa Ngamiani, Tanga. Maswali ya antibayotiki ni yaleyale kila asubuhi kuanzia kwenye foleni mpaka chumba cha sindano, basi nayajibu hapa kwa pamoja.

Antibayotiki ni dawa gani hasa?

Dawa ya kuua bakteria au kuwazuia wasizaliane. Amoksilini, Septrini, Flajili, zote humo. Virusi haiwagusi, na mafua ni virusi.

Lakini nesi, kamasi imegeuka kijani, si ndio bakteria hao?

Hapana. Kamasi ya mafua huanza majimaji halafu inakuwa nzito, inageuka njano au kijani, na ni mafua yaleyale. Kikohozi chenyewe kinaweza kwenda hata wiki mbili. Mnyonyeshe, mpe vya uvuguvugu, msafishe pua, na kama ameshatimiza mwaka mlambishe asali kidogo (chini ya mwaka asali marufuku).

Nina chupa ya kaka yake imebaki, nimpe hiyo kwanza nione?

Usimpe. Wananitolea hizo chupa kwenye pochi, kifuniko kimegandiana na sukari, unga umelala chini maji ya pinki yako juu, ukiuliza ilichanganywa lini unaambiwa "tangu Ramadhani". Mama, dawa ya unga ukishaitia maji nje ya friji ihesabie siku 7 tu, na ile dozi ilipimwa kwa kilo za kaka mtu sio za huyu. Ila kinachoniuma zaidi ni hizo siku za "nione". Homa inashuka kidogo, nyumba nzima inatulia, siku ya tatu analetwa mbavu zinaingia ndani na hata kunyonya hawezi. Kwa hiyo usimpe, hata kijiko kimoja cha kumshikilia.

Sasa nitajuaje ni mafua au nyumonia?

Hesabu pumzi, hili kila mzazi analiweza. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue fulana, weka simu ihesabu dakika moja kamili, tumbo likipanda na kushuka hiyo ni moja. Chini ya miezi 2 ikifika 60, miezi 2 mpaka 11 ikifika 50, mwaka 1 mpaka chini ya miaka 5 ikifika 40, huyo anahema haraka, mlete leo leo. Mbavu zikiingia ndani, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akidegedega au akilegea haamki vizuri, usihesabu chochote, panda bajaji. Na homa yoyote apimwe malaria, kipimo ni tone la damu kidoleni.

Dukani wananikatia vidonge vya elfu moja, kwani vibaya?

Vibaya sana. Bakteria haangalii una shilingi ngapi. Ukimpa pungufu wanakufa wale dhaifu, wale wagumu wanabaki wanazaliana, na hao ndio wanaitwa sugu. Fleming, mwanasayansi aliyegundua antibayotiki ya penisilini mwaka 1928, alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 1945 alishaonya kwamba itakuja kuuzwa madukani na watu watajipa dozi pungufu, yaani kama alikuwa anaiona Barabara ya Ishirini ya hapa kwetu. Mwaka 2019 peke yake makadirio ni watu milioni 1.27 duniani waliouawa na bakteria sugu. Kwetu huku usugu unaonekana hivi: bakteria wa kwenye mkojo wa mtoto wanaoteshwa maabara na kujaribiwa dawa, majibu yanarudi dawa za kunywa zote zimegoma, imebaki sindano ya mshipani, basi mtoto analazwa kwa ugonjwa ambao ungeisha kwa dawa ya maji.

Amepata nafuu siku ya pili, niache?

Umeandikiwa siku 5, mpe siku 5. Kisibaki cha kabatini.

Anaharisha, nimpe Flajili?

Hapana. Kuhara kwa watoto mara nyingi ni virusi. ORS kila anapoharisha, zinki siku 10 mpaka 14, na maziwa usimkatize. Choo kikiwa na damu mlete tumwone.

Kidonda je, nikifungua kapsuli nikamwagia ule unga?

Jamani! Maji safi na sabuni, funika kwa kitambaa kisafi. Kikitoa usaha au kikivimba njoo, lakini kapsuli ya kunywa sio poda.

Ni usiku wa manane, mtoto anachemka, zahanati imefungwa, na chupa ninayo?

Usimpe. Hesabu pumzi kama nilivyosema. Akiwa na dalili hata moja kati ya zile za hatari, au anahema haraka, au hajafika miezi 2 na anachemka, mpeleke hospitali ya Bombo usiku huohuo, Bombo hawafungi. Kama hana, mpe panado ya maji kwa kilo zake, mpunguzie nguo, mnyonyeshe, muangalie tena baada ya saa moja, na asubuhi mje apimwe. Hiyo chupa njoo nayo pia tukutupie.