Je, wajua? Kaunti ya Graham ilipata jina miaka 13 kabla ya kupata serikali

Magharibi mwa Kansas, Marekani, kaunti zilichorwa kwanza, wakazi wakatafutwa baadaye. Bunge la jimbo liliweka mipaka ya Graham mwaka 1867 na kuipa jina la Kapteni John L. Graham, aliyeuawa Chickamauga mwaka 1863, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Karani hakuwepo, wala mahakama, wala mtoza kodi. Serikali ingekuja idadi ya watu ikitimia.

Waliokuja kuijaza ni akina nani? Miongoni mwao walikuwa Weusi kutoka Kentucky, waliokuwa watumwa miaka 12 tu nyuma. Mwaka 1877 mhubiri Mweusi W. H. Smith na mlanguzi wa ardhi Mzungu, W. R. Hill, waliwanadia mji mpya uitwao Nicodemus. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 akizikalia na kuzilima miaka 5. Septemba 1877 walifika Nicodemus watu kama 300. Mji wenyewe ulikuwa mashimo yaliyochimbwa ardhini na kuezekwa udongo. Willianna Hickman, aliyefika mwaka uliofuata, alisimulia kwamba mumewe alipomwonyesha Nicodemus, yeye aliona moshi tu ukitoka ardhini, akaangua kilio. Baadhi walirudi walikotoka. Waliobaki walivuka baridi ya kwanza kwa msaada wa chakula, ukiwemo wa Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, waliokuwa wakitoka mawindoni.

Ndipo hesabu ikatimia. Mwaka 1880 Gavana John St. John aliiundia Graham serikali na kumteua Edward McCabe, Mweusi wa Nicodemus, kuwa karani wa muda wa kaunti. Miaka miwili baadaye McCabe alichaguliwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima.

Makao makuu, hata hivyo, yalipewa Millbrook. Kimbunga kikaubomoa mji huo mwaka 1887, na mwaka uliofuata makao yakahamia Hill City, mji wa nani kama si wa Hill yuleyule! Nicodemus ilikuwa imeweka matumaini yake kwenye reli, hata ikapitisha hati za mkopo za dola 16,000 ili kuivuta kampuni moja. Mwaka 1888 reli ikapita ng'ambo ya pili ya mto Solomon. Wafanyabiashara wakaifuata huko, ukazaliwa mji wa Bogue. Hill City ndiyo makao makuu mpaka leo.