Uwiano wa vidole, na kijana anayemzimia staa

Jumapili hapa Majengo, Moshi, mpwa wangu wa kidato cha pili alinishika mkono akaugeuza. "Mjomba, kidole chako cha pete kimekizidi cha shahada. Ndiyo maana huna staa unayemzimia." Kaiona hiyo kwenye simu. Yeye jalada la daftari lake la hisabati ni Zuchu mtupu.

Alichokuwa anakitaja ni uwiano wa vidole: urefu wa kidole cha shahada ugawanye kwa urefu wa kidole cha pete. Hupimwa upande wa kiganja, kuanzia mkunjo wa chini kabisa hadi ncha ya kidole. Ukucha hauhesabiwi. Binti alikuwa amepima kwa nyuma ya mkono, kuanzia kwenye fundo, na kucha zake zote ndani! Tukarudia kwa rula: shahada milimita 66, pete 68. Jibu, 0.97.

Hesabu hii ilivuma baada ya mtafiti John Manning wa Uingereza na wenzake kuandika juu yake mwaka 1998. Kwa wastani, uwiano wa wanaume huwa mdogo kidogo kuliko wa wanawake, na inadhaniwa chanzo ni homoni, hasa testosteroni, ile ya kiume, mtoto akiwa bado tumboni. Jaribio la panya la mwaka 2011 liliunga mkono wazo hilo. Ndipo watu wakaanza kuulinganisha na kila kitu: michezo, ubishi, na hata mapenzi kwa mastaa.

Mapenzi hayo nayo yana kipimo chake, dodoso lililotolewa mwaka 2002 na McCutcheon na wenzake. Ngazi ya kwanza ni burudani: kupiga soga na marafiki kuhusu staa. Ya pili, unamwona kama mtu wako wa ndani. Ya tatu inaelekea kwenye ugonjwa: uko tayari hata kuvunja sheria kwa ajili yake.

Tatizo la uwiano wa vidole ni kwamba vipimo vya wanaume na wanawake vinaingiliana mno, na tofauti kati ya jamii na jamii huizidi ile ya jinsia. Wastani wa mamia ya watu hausemi lolote kuhusu mkono mmoja uliokaa mezani. Kwa maoni yangu, ukitaka kujua binti amezama kiasi gani, dodoso lina nafuu kuliko rula.

Nilimsomea zile ngazi tatu. Akajiweka ya kwanza, mama yake akacheka kutoka jikoni.