Fedha za utafiti wa tumbo humfikia mtoto mgonjwa

Kwa muda mrefu wachangiaji wengi wameamini kwamba fedha zinazotolewa kwa ajili ya utafiti wa magonjwa ya tumbo la watoto hazimfikii mtoto aliyelazwa wodini, na kwamba msaada wa kweli ni dawa na vitanda tu. Imani hiyo inatokana na huruma, lakini si sahihi. Virusi vya rota, vinavyosababisha kuhara kukali kwa watoto wadogo, vilitambuliwa mwaka 1973 huko Melbourne, Australia, pale Ruth Bishop na wenzake walipochunguza kwa hadubini ya elektroni vipande vidogo vya utumbo wa watoto waliokuwa wakihara. Chanjo zinazotumika leo zilianza kuenea kuanzia 2006, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likapendekeza zitolewe katika nchi zote. Watoto wengi waliochanjwa hawafiki wodini kabisa, na faida hiyo, kwa bahati mbaya, mchangiaji haioni kwa macho.

Kinyume chake, kuziba kwa mirija ya nyongo kwa watoto wachanga bado hakujapata kinga, kwa kuwa chanzo chake hakijajulikana: upasuaji husaidia, ila wengi huhitaji baadaye kupandikizwa ini.