Msukosuko wa anga angavu si kila mtikisiko wa ndege

Msukosuko wa anga angavu ni mtikisiko unaoikumba ndege ikiwa juu sana, mahali pasipo na wingu la mvua, kwa sababu tabaka mbili za hewa zinazokwenda kwa kasi tofauti zimepakana na mpaka kati yao umevurugika. Maana yake ni hiyo tu. Nimeona niiandike kwa sababu siku hizi kila ndege ya kutoka Dar es Salaam inapotua Mtwara baada ya kuwarusharusha abiria, hakosekani mtu wa kuwaeleza wenzake, huku wakisubiri mizigo, kwamba huo ndio msukosuko wa anga angavu, kwamba umeletwa na mabadiliko ya tabianchi, na kwamba wanasayansi wamekwisha kuthibitisha. Jambo walilolionyesha wanasayansi lipo na ni zito, ila halihusu mtikisiko huo.

Msukosuko wenyewe hutokea zaidi pembezoni mwa mikondo ya upepo wa kasi inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kilomita 9 hadi 12 hivi juu ya ardhi. Mikondo hiyo huzaliwa na tofauti ya joto kati ya ukanda wa tropiki na ncha za dunia, na hapa ndipo wengi hupotea njia. Wanasikia kwamba Aktiki, yaani eneo la ncha ya kaskazini, inapata joto haraka kuliko maeneo mengine, wanakata shauri kwamba tofauti inapungua na upepo utalegea. Karibu na uso wa dunia tofauti inapungua kweli. Katika kimo cha ndege kubwa mambo yamegeuka: joto la ziada la tropiki hupandishwa juu na mawingu makubwa, wakati upande wa ncha, kwenye kimo hichohicho, ndege huwa tayari imeingia katika stratosfera, tabaka la hewa lililo juu ya lile lenye mawingu na mvua, ambalo linazidi kupoa. Kwa hiyo huko juu tofauti inaongezeka, na kasi ya upepo inabadilika zaidi kutoka tabaka moja hadi jingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walionyesha mwaka 2019 kwamba mabadiliko hayo ya kasi kati ya tabaka, juu ya Atlantiki ya Kaskazini, yameongezeka kwa asilimia 15 tangu mwaka 1979. Mwaka 2023 wakaonyesha tena kwamba msukosuko mkali wa anga angavu, katika sehemu ya kawaida ya bahari hiyo, ulitoka saa 17.7 kwa mwaka 1979 hadi saa 27.4 mwaka 2020, ongezeko la asilimia 55.

Rada ya ndege haiwezi kuuona, kwa kuwa rada huona matone ya maji, na hapo hakuna matone. Rubani hutegemea utabiri na taarifa za marubani waliotangulia. Wala si jambo jipya. Tabianchi haikuuzaa msukosuko huu, inauongezea nguvu.

Sasa turudi kwetu. Mikondo ya kasi hukaa karibu na nyuzi 30 za latitudo na kuendelea kuelekea ncha, wakati Mtwara ipo nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Tena ndege za pangaboi zinazofanya safari hii ya saa moja hazifiki kimo cha mikondo hiyo. Kinachowatikisa abiria dakika za mwisho, saa saba mchana wa mwezi wa Oktoba, ni ardhi. Ukikaa dirishani unaweza kulifuatilia tukio lenyewe: ndege ikiwa juu ya maji inateremka kwa utulivu, ikivuka ufukwe tu na kuanza kupita juu ya mikorosho na mashamba makavu, bawa linainuliwa, linashushwa, linainuliwa tena. Ardhi iliyopigwa na jua imeipasha hewa joto, hewa hiyo inapanda kwa mafungu, na kati ya mafungu hayo hewa nyingine inashuka. Huo ni msukosuko wa joto. Anga inaweza kuwa haina hata wingu moja, na bado si msukosuko wa anga angavu, kwa sababu anayevuruga hewa ni ardhi iliyo chini yake. Na wale wanaosema ndege imeingia kwenye shimo la hewa, shimo hakuna. Hewa imejaa tele, ila inashuka.

Aina ya tatu ni ya mawingu ya mvua na radi, ambayo sisi wa kusini tunayafahamu vizuri wakati wa masika. Ndege ya Singapore Airlines iliyotikiswa vibaya juu ya Myanmar tarehe 21 Mei 2024, abiria mmoja akafariki, hutajwa kila mara kama mfano wa anga angavu, ilhali taarifa ya awali ya wachunguzi ilisema huenda ilikuwa ikipita juu ya eneo ambalo mawingu ya namna hiyo yalikuwa yakikua.

Joto linaloongezeka linaigusa Mtwara kwa njia nyingine. Kwa kanieneo ileile, hewa ya nyuzi joto 35 za Selsiasi ni nyepesi kuliko ya nyuzi 15 kwa zaidi ya asilimia 6, kwa hiyo bawa linabeba kidogo, injini inasukuma kidogo, na ndege inahitaji njia ndefu zaidi ya kurukia au mzigo mwepesi zaidi. Huko Phoenix, Marekani, Juni 2017, safari za ndege ndogo zilifutwa kwa sababu joto lilitarajiwa kukaribia nyuzi 49, wakati kikomo cha ndege hizo kilikuwa karibu nyuzi 48. Hatujafika huko, lakini anayetaka kuihusisha tabianchi na uwanja wetu aanzie kwenye kuruka na uzito wa mizigo. Mtikisiko wa kushuka mchana auite msukosuko wa joto, na hilo la anga angavu awaachie wanaovuka Atlantiki.